Bwana Afya na Mfereji wa Wapagazi

Mkewe mwenyewe alikuwa akimwita Bwana Afya. Ukipiga hodi kwao ukamuulizia, mama yule alikujibu kutoka jikoni, "Bwana Afya hayupo, amekwenda kuchungulia vyoo vya watu," na hiyo ilikuwa miaka mingi baada ya mzee kustaafu, vyoo vya watu vikiwa si kazi yake tena. Jina alilopewa na wazazi wake sisi wa mtaani tulilisikia kwenye kituo cha kupigia kura tu, karani akilisoma kwa sauti, na kila mara watu waligeuka kutazama huyo mgeni ni nani.

Mimi ni mchora mabango. Kibanda changu kiko kwenye njia ya kwendea stesheni, hapa Tabora, na tangu nishike brashi sijapata mteja aliyenisumbua kama yeye. Wengine huniambia "andika saluni", wakaenda zao. Bwana Afya alikuja na rula. Alipima herufi moja moja, akarudi nyuma hatua tano, akafumba jicho la kushoto, kisha akauliza, "Hii R imelewa?" Ikabidi nifute nianze upya. Alinimalizia rangi na mafuta ya taa, lakini kama kuna mtu mjini hapa anayejua kuandika R iliyosimama wima, basi ni mimi, na shukrani zimwendee yeye.

Enzi za kazi yake alitembea na vitu vitatu: buti nyeupe za mpira, tochi ya betri tatu na filimbi. Tochi ilikuwa ya kumulikia ndani ya mitungi ya watu mchana kweupe. Filimbi sijui ilikuwa ya nini, maana hakuipuliza hata siku moja. Nadhani ilimtosha kwamba tunaiona. Akiingia nyumbani kwako ulimkaribisha kiti, ukamsifu, ukamwonyesha ukuta uliopaka chokaa jana yake kwa ajili ya ujio wake. Alisikiliza yote kwa adabu, kisha akasema maneno ambayo watoto wa mtaa wetu wanayaigiza mpaka leo: "Mbele nimeona. Naomba kuona nyuma." Na nyuma ndiko kulikokuwa na mambo. Kopo la rangi, ndoo iliyopasuka, tairi lenye maji ya mvua ya juzi. Hapo alichuchumaa, akamulika, akamwita mwenye nyumba waje wahesabu viluwiluwi vya mbu pamoja. Hakutukana mtu. Alikuhesabisha tu mbele ya majirani, mmoja, wawili, watatu, mpaka ukatamani angekutukana mkaachana.

Mama mkwe wake naye hakupona. Bibi yule alikuwa akiishi Itetemia, na siku moja Bwana Afya alikwenda kumjulia hali, amebeba sukari na sabuni kama mkwe mwema. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Huketi mbali, macho chini. Ndivyo alivyoketi, na macho yakiwa huko huko chini yakakuta chombo cha kunyweshea kuku kimejaa viluwiluwi. Hakusema kitu, adabu ilimzuia. Alirudi mjini, akajaza fomu ya onyo, akaigonga muhuri, akampa mkewe ampelekee mama yake. Mke alikwenda nayo, akakaa huko huko wiki mbili kabla ya kukubali kurudi.

Basi mtu huyo, aliyekuwa akienda harusini na kikombe chake mfukoni, kwake alikunywa maji ya kisima bila kuyachemsha. Mkewe ndiye aliyetutolea siri. Alituambia, "Ya kuchemsha anasema yamekufa." Na mtu huyo aliyewafukuza wauza vyakula wa barabarani asubuhi, jioni ulimkuta nyuma ya stesheni akitafuna miguu ya kuku kwa mama mmoja ambaye beseni lake la kuoshea vyombo mimi nisingelioshea hata brashi. Nilimuuliza siku moja imekuwaje. Alifuta midomo akanijibu, "Kazi yangu ni afya ya umma. Mimi si umma."

Kusema uongo hakujua. Simsifii, maana hakuwa mtakatifu. Hakujaliwa kipaji hicho tu. Alikwenda kumtembelea mgonjwa mmoja wa mtaani, akamtazama macho, akamtazama kucha, akasema, "Kwa rangi hii sidhani utaiona Idi." Mgonjwa aliiona Idi mbili, na zote alimpelekea Bwana Afya sahani ya pilau kumkomoa. Tangu hapo familia zenye wagonjwa zilimwomba kwa heshima zote asijisumbue kuja.

Lakini mimi nilimpenda, na nina sababu. Mtaa wetu una watu wa juu na watu wa bondeni. Sisi ni wa bondeni, nyumba zetu ni za tofali mbichi tulizozipiga lipu upande wa barabarani ili tusichekwe. Nilipokuwa darasa la sita mvua ilinyesha siku nne bila kupumua. Maji yote ya juu yalitushukia, kuta zikaanza kulala moja baada ya nyingine. Bwana Afya alikuja na buti zake, maji yakaingia ndani ya buti, na bado akaingia chumbani kwa bibi yangu akamtoa mgongoni, bibi akimpiga makofi kichwani kwa sababu ameacha kuku wake. Nyumba ililala nyuma yao. Bibi alikohoa wiki tatu kisha akatuaga, na msibani Bwana Afya alikaa peke yake kwenye kona na kamba ya kupimia mkononi, akiikunja na kuikunjua.

Arobaini ya bibi ilipopita, alitokea na vigingi. Alipima mstari kutoka kule juu, akaupitisha kati ya nyumba zetu, mpaka kwenye majaruba ya mpunga kule mbugani, akaitisha msaragambo. Kila Jumamosi kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake, na sisi wanafunzi tulitolewa shuleni kwenda kubeba udongo. Tulichimba miezi mitatu. Jembe la mwenzangu lilinipitia kiganjani, na kovu ninalo. Tangu mtaro ule ufunguliwe, mvua imenyesha ya kila namna na hakuna ukuta uliolala bondeni. Hakuna aliyekuja kuuzindua wala kukata utepe. Maji yalipita, na sisi tukaenda kulala.

Sasa angalia mambo ya dunia. Miaka ikapita, Bwana Afya akastaafu, viwanja vikawa dhahabu. Wakubwa fulani wakauona mtaro wetu ukiwa mkavu zaidi ya nusu ya mwaka, wakasema hilo ni shimo, lifukiwe, vipimwe viwanja. Bwana Afya aliandika barua. Aliandika nyingi, kwa mkono, kila moja na mchoro wa maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na kila moja ilijibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Vigingi vya wapimaji vikaanza kuota ukingoni mwa mtaro, na sisi wa bondeni tukaanza kuulizana kwa sauti ya chini nani ana ndugu mwenye nyumba ya tofali za kuchoma.

Tuliokolewa na msiba. Alifariki jirani yetu, Mnyamwezi wa siku nyingi, na njia ya makaburini huvuka mtaro kwa kidaraja cha magogo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao, na mtani kwenye msiba ana ruhusa ya kufanya vituko vyovyote. Mtaani tulikuwa na Mzaramo mmoja, fundi mstaafu wa reli. Jeneza lilipofika darajani tukamkuta amelala chali katikati ya magogo, kofia usoni.

"Hapiti mtu," akasema. "Mnajua mtaro huu walichimba nani? Babu zenu hawa! Walifika Bagamoyo na mizigo kichwani, wakaiona bahari, wakaangua kilio kama watoto. Wakasema, hatuondoki bila hii. Wakarudi wanachimba, wanachimba, waivute bahari mpaka Tabora. Wamefika hapa nguvu zimewaishia, wamelala, na bahari mpaka leo haijafika! Nipeni kuku wangu niwape njia."

Watu walicheka mpaka jeneza likayumba. Mjane mwenyewe alicheka, machozi yakimtoka, akaagiza kuku aletwe. Mtani akapokea, akakagua mabawa, akainuka, tukaenda kuzika.

Lakini kati ya waombolezaji alikuwamo Afisa Utamaduni mpya, dada mwenye bidii sana, aliyelelewa mbali huko ambako nadhani watu huzikana kimya. Yeye hakucheka. Alikuwa ametoa daftari anaandika. Wiki ile ile ikatoka taarifa kwamba simulizi za wazee zinathibitisha kuwapo kwa mfereji wa kale uliochimbwa na wapagazi wa misafara. Bahari aliiacha, kuku alimwacha, wapagazi akawabakiza.

Ilibaki kuthibitishwa na mzee mmoja anayeaminika, na Tabora nzima ikamwelekeza kwa mtu ambaye hajui kusema uongo. Dada alikuja na wenzake wawili wenye kamera. Sisi wa bondeni tulijipanga pembeni kama tunaosubiri hukumu. Vigingi vya viwanja vilikuwa vimesimama pale pale, vimefungwa vitambaa vyekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mfereji huu ni wa zamani?"

Bwana Afya alivua kofia. "Wewe umezaliwa mwaka gani, binti?"

Binti akataja.

"Basi ni wa kabla yako."

"Na waliouchimba walikuwa wapagazi?"

"Walibeba udongo kichwani. Tena mwingi."

"Walitendewa vibaya?"

"Hawakupewa hata chai."

Dada aliandika yote, akashukuru, akampiga picha ameshika kofia. Walipoondoka, Bwana Afya alikaa juu ya tofali akaomba maji. Nikamletea kwenye kikombe chake.

"Nimedanganya?" akaniuliza.

"Hapana, Bwana Afya. Neno hata moja."

"Sasa mbona tumbo linaniuma?"

Mwaka haukuisha, tukawa na Bustani ya Mfereji wa Wapagazi. Vigingi viling'olewa. Ukingoni kukapandwa majani, kukawekwa mabenchi ya saruji na taa za jua, na watu wa juu ambao hawakuwahi kutushukia isipokuwa kwa maji yao wakaanza kuja kupunga upepo bondeni. Bwana Afya akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya hifadhi, na mimi nikapewa kazi ya mabango yote. Bango kubwa la historia lilikuja limeshaandikwa na wataalamu, kazi yangu ikawa kunakili. Madogo aliyatunga mwenyekiti. USIKOJOE KWENYE HISTORIA. Na jingine: WAPAGAZI HAWAKUTUPA CHUPA HAPA. Alisimama mbele ya hilo la pili muda mrefu, akifikiria, kisha akasema kwamba hilo halina uongo wowote, chupa za plastiki hazikuwapo tulipochimba.

Shida ilikuwa maji. Mgeni akiambiwa mfereji hutegemea kuona maji, na mtaro wa Bwana Afya ulichimbwa kwa ustadi kiasi kwamba nusu saa baada ya mvua humo ndani huoni hata tope. Ikaamuliwa kwamba siku za wageni na siku za maharusi mwisho wa mtaro uzibwe kwa viroba vya mchanga, boza lije limwage maji. Nikamshuhudia kwa macho yangu mtu aliyemshtaki mama mkwe kwa ajili ya chombo cha kuku akisimamia kumwagwa kwa maji yaliyosimama, ya urefu wa mtaa mzima. Asubuhi iliyofuata alikuwa amechuchumaa ukingoni na tochi yake, anahesabu viluwiluwi vya historia. Akaanza kumwagia mafuta machafu ya gari ili visipate pumzi. Bibi harusi mmoja aliyeletwa kutoka Kaliua aliambiwa na mpiga picha ainame achote maji ya wapagazi kwa mikono miwili. Aliinuka na glavu nyeusi, akalia, na bwana harusi akadai aletewe mwenyekiti.

Nasi tuliozoea mtaro wetu tulianza kuamini bango. Siwezi kueleza ilivyotokea. Mama mmoja muuza karanga, ambaye mwaka ule alichimba na mimba ya miezi saba, nilimsikia akiwaambia wageni kwamba usiku wapagazi husikika wakiimba. Binti yangu alirudi na daftari la historia. Kulikuwa na swali: mfereji wa mtaani kwenu ulichimbwa na nani? Alikuwa ameniuliza, nami nikamwambia ukweli, akaandika, "Baba yangu na Bwana Afya." Mwalimu alimchorea alama nyekundu ya kosa, ya ukurasa mzima, na pembeni akaandika aache mzaha.

Nilicheka siku hiyo. Sikucheka wakubwa walipoitisha mkutano wa hadhara kutangaza kwamba bustani imependeza kiasi kwamba sasa itajengewa ukuta wa mawe na saruji mwisho wa mfereji, pale unapotokea mbugani, ili maji yakae mwaka mzima, na juu yake ziletwe boti za kukanyaga zenye umbo la bata. Watu walipiga makofi. Bwana Afya hakupiga. Kila mtu wa bondeni alijua maana yake, kama angetaka kujua: mvua ikianza, maji ya juu yatafika ukutani, yatakosa njia, yatageuka kwenye nyumba zetu.

Alisimama, akavua kofia. "Huu si mfereji wa wapagazi," alisema. "Ni mtaro wa maji ya mvua. Nimeuchimba mimi na watu hawa. Nilipoulizwa nilijibu kwa ujanja, naomba radhi. Ukiuziba, nyumba za bondeni zitalala. Niliwahi kumtoa bibi mmoja mgongoni na hakupona."

Afisa Utamaduni alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee aliyeanza kusahau. Bwana Afya akageuka akanitafuta kwa macho. "Mchora mabango yuko pale. Alikuwa darasa la sita, kiganja chake kina kovu la jembe. Simama, mwanangu, waonyeshe."

Nitaeleza kama ilivyokuwa, sitajipamba. Siku mbili kabla nilikuwa nimekubaliwa kuchora boti zote za bata. Halafu nilijua kwamba tukisema ni mtaro, vigingi vya viwanja vitarudi kesho yake. Nilijiambia sababu hiyo ya pili ndiyo kubwa. Nilifumba mkono, nikatazama viatu vyangu. Mama muuza karanga naye alikuwa anatazama karanga zake.

"Mzee wetu ana utani sana," akasema mkubwa mmoja kwenye kipaza sauti, na watu wakacheka kwa faraja, wakapiga makofi. Bwana Afya alivaa kofia akakaa. Sikuwahi kuona aibu kama ile, na ilikuwa yangu.

Ukuta ulikwisha kabla ya mvua. Mvua ya kwanza ya maana ilikuja mchana wa siku ya kazi. Kwa saa moja ya mwanzo mfereji ulipendeza kweli, umejaa pomoni, watu wakipiga picha kwenye simu. Saa ya pili maji yalipanda mabenchi. Ya tatu yalikuwa kwenye kizingiti changu, mke wangu amesimama juu ya kitanda na cherehani mikononi, mimi nikizoa kwa sufuria na kumwaga nje maji yaliyokuwa yanarudi ndani kwa mlango ule ule. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeanza kutoka jasho. Ndipo nikasikia chuma kinagonga jiwe. Nikatoka. Bwana Afya alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, ameshika mtaimbo, anagonga ukuta wa saruji, polepole, kama mtu anayetwanga kisamvu. Watu walimwita atoke. Hakuna aliyeingia kumsaidia, hata mimi, niliyebaki pale mlangoni na sufuria yangu. Aligonga mpaka jiwe moja likachomoka, kisha maji yenyewe yakasukuma mengine, na yule mzee akaangushwa, akashikwa na tawi la mlonge, akabaki ananing'inia anakohoa. Maji kwenye kizingiti changu yakaanza kushuka.

Mgambo walimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, buti zake nyeupe zikimwaga maji njia nzima.

Alishtakiwa kuharibu mahali pa kihistoria. Mahakama ilijaa. "Mheshimiwa," alisema, "hicho nilichovunja kina miezi mitano." Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akamuuliza kama anajuta. "Najuta kuchelewa, Mheshimiwa. Nilikuwa natafuta mtaimbo, mke wangu alikuwa ameufungia banda la kuku." Hakimu aliandika muda mrefu. Sijui alijua nini, na sura yake haikusema. Alihukumu kwamba kwa umri wake mzee hatakwenda jela. Atatumikia adhabu kwa kuusafisha mfereji huo kila siku kwa miezi sita, na kuhakikisha hakuna kitu chochote kinachouziba.

Bwana Afya akaomba asomewe tena hiyo sehemu ya mwisho. Akasomewa. Akaomba nakala yenye muhuri.

Mafundi walipokuja kuujenga upya ukuta, walimkuta amekaa juu ya mawe na nakala yake ndani ya mfuko wa nailoni. Fundi mkuu aliisoma, akapiga simu kwa wakubwa. Wakubwa wakauliza ni mahakama gani. Wakaambiwa. Wakasema watapiga tena, na nadhani bado wanatafuta namba.

Nilikaa miezi bila kupita njia ile mchana. Nilizunguka kwa stesheni, nikijidai nina wateja. Adhabu yake ilipobaki siku chache nilishindwa na nafsi yangu. Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, nikachukua sururu nikashuka mtaroni. Alikuwa chini kabisa, pale ulipokuwa ukuta. Ulikuwa umebaki msingi tu, jiwe moja kubwa lililoshikwa na saruji, na nyuma yake dimbwi la maji ya kahawia. Alikuwa amekonda, ameegemea mtaimbo.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Una karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Ya mahakama. Humu anafanya kazi aliyehukumiwa."

"Sina."

"Basi rudi nyumbani. Hii ni adhabu yangu, usinichezee."

Sikurudi. Nikamwambia, "Siku ya mkutano nilinyamaza."

"Nilikuona." Aligonga jiwe mara mbili. Halikutikisika. "Nyumba ililala?"

"Haikulala."

"Na mama watoto?"

"Mzima. Anakusalimu."

Aliitikia kwa kichwa, akajaribu kunyoosha mgongo, mgongo ukakataa. Hapo zikasikika sauti juu yetu. Afisa Utamaduni alikuwa ameleta wageni, walimu kama kumi kutoka Ulyankulu, wamesimama ukingoni wanatutazama. Alinitambua.

"Wewe ndiye mchora mabango. Unafanya nini humo?"

"Nasafisha mtaro niliouchimba, dada," nikasema, na nikasema kwa nguvu ili wale wa nyuma wasikie. "Nilikuwa darasa la sita. Mzee huyu ndiye aliyetupimia. Wapagazi hawakushika jembe humu."

Walimu walinong'onezana. Dada hakucheka, wala hakusema nina utani. Aliuliza, "Kwa nini hamkuniambia tangu mwanzo?"

"Wangeufukia. Nyumba yangu ni ile pale."

Aligeuka kuitazama. Ukutani mstari wa tope ulikuwa bado unaonekana, usawa wa dirisha la jikoni. Aliutazama kwa muda, kisha akatoa daftari, akakaa juu ya benchi, na kwa mara ya kwanza akaniuliza jina langu, na majina ya wengine waliokuwapo. Nilianza kumtajia, nyumba kwa nyumba, kutoka juu kuja bondeni.

"Taja huku unavuta," Bwana Afya alisema. Alikuwa ameshapachika mtaimbo chini ya jiwe, upande wa pili akaniachia mimi. Nilishika. Tulivuta mara tatu, mara ya nne jiwe likang'oka, na maji yaliyokuwa yametuama nyuma yake yakapita katikati ya miguu yetu kwenda mbugani. Mzee akayatazama mpaka yakaisha yote.